MAABARA ISIYO NA MRATIBU NI GHALA TU

Kila zinapotajwa habari za elimu ya sayansi katika vyuo vikuu, mazungumzo aghalabu huishia kwenye majengo na vifaa. Tunaulizana chumba kina meza ngapi, vifaa vimegharimu kiasi gani, na nani aliyekuja kukifungua. Hayo ni maswali ya haki, kwani pasi na chumba na vifaa hakuna maabara. Lakini lipo swali moja ambalo ni nadra kuulizwa, nalo ndilo linaloamua iwapo fedha ya wananchi imetumika au imezikwa: ni nani anayeiendesha maabara hiyo tangu Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni, na amepewa uwezo gani wa kuiendesha?

Leo tunalielekeza swali hilo kwenye maabara za fizikia za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Visiwa vyetu vina Chuo Kikuu cha Taifa kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na vipo vyuo vikuu vingine kando yake. Vijana wanaosomea sayansi na ualimu katika vyuo hivi ndio watakaosimama mbele ya watoto wetu katika skuli za Micheweni na Makunduchi, za Mkoani na Nungwi. Mwalimu ambaye hakupata kupima kitu kwa mikono yake hatoweza kumfundisha mtoto kupima. Kasoro ya chumba kimoja chuoni huzaa kasoro katika madarasa mengi, na hudumu miaka thelathini, yaani umri wa kazi wa mwalimu mmoja.

Tuchukue mfano wa jaribio ambalo karibu kila mwanafunzi wa fizikia hulifanya mwaka wake wa kwanza. Kitufe cha chuma hufungwa kwenye uzi wa mita moja, kikaachwa kibembee. Mwanafunzi hupima urefu wa uzi na muda wa mabembeo, kisha hukokotoa nguvu ya mvutano wa ardhi mahali pale alipo. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya humwambia kuwa jibu ni 9.81, kwa kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde. Hiyo ni kweli ya London. Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, jibu ni karibu na 9.78, kwa sababu dunia imetuna kidogo katikati yake, nasi tuko mbali zaidi na kitovu chake. Na tena mzunguko wake huipunguza nguvu ya mvutano kwetu kuliko kwa watu wa kaskazini.

Tofauti hiyo ni ndogo, lakini si ndogo hata isipimike. Uzi wa mita moja kamili ukibembea mara 100 utachukua karibu sekunde 200.9 hapa Unguja, na karibu sekunde 200.6 kule London. Mwanafunzi mwangalifu, mwenye uzi mwema, rula nzuri na saa ya kupimia sekunde, akarudia kazi yake mara kadhaa, anaweza kuiona.

Na wala si jambo jipya. Mwaka 1672 mnajimu wa Kifaransa, Jean Richer, alipelekwa Cayenne katika Amerika ya Kusini, nyuzi 5 kaskazini mwa Ikweta, mahali palipo karibu na Ikweta kama kwetu. Akaona kuwa saa yake ya bembea, iliyokuwa sawasawa mjini Paris, ilichelewa kwa karibu dakika mbili na nusu kila siku. Angaliweza kusema saa imeharibika safarini, au angaliweza kuzirekebisha hesabu zake zilingane na zile za nyumbani. Hakufanya hivyo. Alikiamini kipimo chake, akaifupisha bembea, akaandika alichokiona. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alikitumia kipimo hicho kuwa ushahidi kwamba dunia si mviringo kamili, bali imetuna kwenye Ikweta.

Sasa na tumtazame kijana wetu. Amepima kwa uangalifu akapata 9.78. Anafungua kijitabu cha mwongozo, kilichonakiliwa kutoka nchi za mbali miaka mingi iliyopita, anakuta 9.81. Anamtazama msaidizi wa maabara, ambaye hutoa alama kwa kuangalia jibu limekaribia kitabu kiasi gani. Kijana anafuta tarakimu moja, anaandika nyingine, anapata alama zote. Je, chuo kimemfundisha nini? Kimemfundisha kughushi. Kimemfundisha kwamba ukweli hauko mbele yake mezani, bali uko katika karatasi iliyotoka kwingine, na kwamba kazi yake ni kuufuata hata pale macho yake yanapomwambia vingine. Wazee wetu walituusia tusipunje mizani. Nasi tunasema kuwa mwanafunzi anayeghushi kipimo anapunja mizani, na chuo kinachomzawadia kwa kufanya hivyo kinapunja pamoja naye.

Lakini kosa hilo si la kijana peke yake, wala si la msaidizi. Ni nani aliyepaswa kukisahihisha kijitabu kile? Ni nani aliyepaswa kumwelekeza msaidizi atoe alama kwa uangalifu wa kupima na uaminifu wa kuandika? Mhadhiri anayetoa somo darasani anadhani ni kazi ya fundi. Fundi anadhani ni kazi ya mhadhiri. Mkuu wa idara ana vikao. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi twaongeza kuwa chombo kisicho na nahodha hata mmoja hakitoki bandarini.

Nahodha wa maabara ndiye mratibu. Tunapenda kueleza kazi yake, kwani wengi wanaopitisha bajeti za vyuo hawajapata kuiona, na jambo lisiloonekana halitengewi fungu.

Kazi yake ya kwanza ni ratiba. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 120 wa mwaka wa kwanza na chumba kimoja chenye meza 10. Wakifanya kazi wawiliwawili, kila kipindi kitachukua wanafunzi 20, na hivyo vitahitajika vipindi 6 kwa wiki. Ikiwa wote watafanya jaribio moja kwa wakati mmoja, basi kwa majaribio 10 chuo kitahitaji seti 100 za vifaa. Lakini ikiwa kila meza itawekwa jaribio lake, na kila jozi ihamie meza nyingine wiki inayofuata, seti 10 zitatosha, na katika wiki 10 kila mwanafunzi atakuwa amefanya yote. Utaratibu huu si mageni. Edward Pickering alipoanzisha maabara ya fizikia ya wanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, mwaka 1869, aliweka kila jaribio mezani pake pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa, na akatundika ubao wa kuonesha nani yuko kwenye jaribio gani. Ubao ule wa mbao, kwa nchi isiyo na fedha nyingi, una thamani kuliko shehena ya vifaa.

Hata hivyo utaratibu huu una gharama yake, nayo ni fikra. Baadhi ya wanafunzi watalifikia jaribio kabla somo lake halijafundishwa darasani. Hivyo maelezo ya mezani hayana budi kujitosheleza, yawe kwa lugha nyepesi, na yafanyiwe majaribio kabla ya muhula. Kifaa kimoja kikiharibika Jumatatu, wanafunzi 12 wa wiki ile watakosa kazi, na mzunguko mzima utayumba, isipokuwa pawe na mtu aliyekwisha weka akiba kabatini. Mtu huyo hawezi kuwa yeyote atakayepita njia. Hana budi kuwa na jina, afisi na ufunguo.

Kazi ya pili ni kuwaandaa wasaidizi. Katika vipindi 6 hawezi kusimama mtu mmoja; watakuwapo wasaidizi watatu au wanne. Mmoja ni mkali, mwengine ni mpole. Taarifa ileile itapata alama 9 kwa mmoja na 5 kwa mwengine, na wanafunzi watanung'unika kwa haki. Mratibu mwema huwakusanya wasaidizi wake kabla ya kila wiki, wakafanya jaribio kwa mikono yao wenyewe, wakaona linakwama wapi, kisha wakasahihisha taarifa mbili tatu za pamoja mpaka mizani yao ikawa moja. Saa mbili za kazi hiyo huondoa malalamiko ya muhula mzima.

Kazi ya tatu ni usalama. Maabara ya fizikia ina umeme wa volti 230, ina miali ya leza inayoweza kudhuru jicho, na pengine ina vyanzo vya mionzi vinavyosimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Vitu hivi havitaki daftari la kubahatisha. Vinataka mtu mmoja anayejua kila kilipo, nani amekitumia, na kimerudishwa saa ngapi.

Kazi ya nne ni matunzo, na hapa sisi watu wa visiwani tuna neno letu la pekee. Upepo wetu una chumvi na hewa yetu ina unyevunyevu. Chuma kinachodumu miaka ishirini katika nchi kavu, kwetu hushika kutu katika miaka michache. Nyaya huota ukoga wa kijani kwenye viungo vyake. Lenzi huota kuvu. Vitufe vya mita hukwama. Kwa upande wa umeme, Unguja imekuwa ikiupata kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na hatujasahau kuwa mwaka 2008 tulikaa takriban mwezi mmoja bila umeme huo, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 takriban miezi mitatu. Hata siku za kawaida, umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuua kifaa cha thamani kwa kukosa kinga ya bei ndogo. Dawa za maradhi haya zinajulikana: makabati yanayofungika, vifuko vya kukausha unyevu, vidhibiti vya umeme, sanduku la fyuzi, na saa moja kila Alkhamisi ya kufuta na kukagua. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ghali. Kilicho ghali ni kutokuwapo kwa mtu wa kuzitumia.

Wako watakaosema: mbona vyuo vimeendelea miaka yote bila ya cheo hicho? Jibu letu ni kwamba kazi hiyo hufanywa, lakini aghalabu hubebeshwa mhadhiri kijana aliyeajiriwa karibuni, juu ya masomo yake mengine, bila posho, bila fungu, na bila kuhesabiwa anapopandishwa daraja. Kijana huyo akiwa na moyo, maabara husimama. Akipata nafasi ya masomo ya juu akaondoka, maabara huanguka siku ileile, kwani ujuzi wote ulikuwa kichwani mwake. Taasisi ya umma haiendeshwi kwa kutegemea moyo wa mtu mmoja. Inaendeshwa kwa utaratibu unaobaki baada ya mtu kuondoka.

Wengine watasema kwamba maabara ni anasa. Mwanafunzi akifaulu mtihani wa maandishi inatosha. Hoja hii ina punje ya ukweli ndani yake, nasi hatutaikwepa. Uchunguzi wa Natasha Holmes, Carl Wieman na wenzao, uliochapishwa mwaka 2017, ulitazama kozi 9 katika vyuo 3, ukaona kwamba maabara zilizowekwa kwa nia ya kukazia tu mafundisho ya darasani hazikuongeza alama za mtihani kwa kiwango cha kupimika. Wieman si mtu wa kupuuzwa. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Lakini ni watafiti haohao ambao mwaka 2015, pamoja na Doug Bonn, walitangaza matokeo mengine kutoka chuo kikuu cha British Columbia nchini Kanada. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walielekezwa kulinganisha vipimo vyao, kisha kurudia na kuboresha. Maelekezo yalipoondolewa, wanafunzi hao waliendelea wenyewe kupendekeza au kufanya mabadiliko ya kuboresha vipimo, mara 12 zaidi ya wale waliofundishwa kwa njia ya zamani.

Mafundisho ya habari hizo mbili ni mamoja. Maabara ya kufuata maelekezo kama mpishi mgeni, hatua kwa hatua hadi kufikia jibu la kitabu, haina faida kubwa. Maabara ya kupima, kutia shaka, kulinganisha na kurudia ndiyo inayojenga akili. Chama cha walimu wa fizikia cha Marekani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2014, kilitaja mambo ambayo maabara za shahada ya kwanza zinapaswa kuyafundisha, miongoni mwao kubuni jaribio, kuchambua takwimu na kueleza matokeo kwa watu. Mambo hayo hayajitokezi yenyewe. Lazima yapangwe kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tatu, kila mwaka ukianzia ulipoishia uliotangulia. Kupanga huko ndiko kuratibu.

Na tusidhani kuwa haya ni ya wazungu. Mwaka 1963, katika skuli ya Magamba, mkoani Tanga, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba aliona kwamba maziwa yaliyotiwa ya moto katika friza yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliposema, alichekwa. Baadaye, akiwa skuli ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati kikiwa bado chuo kishiriki, naye hakumcheka. Alirudi chuoni akamwagiza fundi wake wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kuwa maji ya moto kweli yameganda kwanza, lakini akaahidi kwamba wataendelea kurudia mpaka walipate jibu lililo sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi wangali wakibishana juu yake. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walieleza kuwa tofauti ya sentimita moja tu katika mahali pa kuweka kipimajoto yaweza kuleta matokeo yanayofanana na hayo. Lakini ubishi huo wenyewe ni ushahidi wetu. Swali la mtoto wa skuli halikujibiwa kwa dharau wala kwa kitabu. Lilihitaji chumba, kipimajoto, na mtu aliye tayari kupima tena.

Kuhusu fedha, hatusemi zipo nyingi. Tunasema zipo njia. Simu ya mkononi ambayo karibu kila mwanafunzi anayo ina ndani yake vipima-mwendo, vipima-sauti na vipima-sumaku, na programu iitwayo phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inaitumia simu hiyo kuwa kifaa cha maabara bila malipo. Hiyo ni nyongeza njema. Lakini hata simu mia moja zinahitaji mtu wa kuamua zitapima nini, wiki gani, na matokeo yatasahihishwa vipi.

Kwa hiyo tunatoa ushauri kwa wizara zinazohusika na kwa uongozi wa vyuo vyetu.

Kwanza, cheo cha mratibu wa maabara kiandikwe katika muundo wa utumishi, kiwe na daraja na njia ya kupanda, na kazi yake ihesabiwe kuwa ni kufundisha.

Pili, kila maabara iwe na fungu la kila mwaka la vipuri na matunzo, hata likiwa dogo, na lisiguswe kwa safari wala kwa vikao. Kifaa kilichonunuliwa kwa mamilioni kisikae mwaka mzima kikisubiri fyuzi.

Tatu, mafundi sanifu wa maabara wapewe mafunzo na heshima inayowastahiki. Fundi anayeweza kufufua mita iliyokufa ameiokolea nchi fedha za kigeni, na haifai abaki katika daraja alilolianzia mpaka anastaafu.

Nne, msaada wa vifaa kutoka nje upokewe kwa shukrani na kwa masharti: uje na maelezo yake, vipuri vyake, na mafunzo ya mtu wa kuutunza. Zawadi isiyo na hayo ni mzigo wa kutunzwa stoo.

Tano, vyuo vya Unguja na Pemba viwe na daftari moja la vifaa, ili kilicholala hapa kitumike kule, na walimu wa skuli wapate siku zao za kuja kufanya majaribio wakati vyuo vimefunga.

Sita, taarifa ya kila mwaka ya chuo isitaje vifaa vilivyonunuliwa peke yake. Itaje vinavyofanya kazi, na itaje ni majaribio mangapi kila mwanafunzi ameyakamilisha kwa mkono wake.

Kwa wanafunzi pia tuna neno. Mkipata 9.78, andikeni 9.78. Mkipata 9.60, andikeni hivyohivyo, kisha mtafute kosa liko wapi, na mkilikosa mseme hamjaliona. Nchi hii itawahitaji mpime maji ya visima, umeme wa nyaya, nguvu za upepo na kina cha bahari inayokula fukwe zetu. Siku hiyo hapatakuwa na kitabu cha kuchungulia jibu, na daraja lililojengwa kwa tarakimu ya kughushi halimjui aliyepata alama zote.

Na kwa viongozi tunasema: kabla ya kusaini ununuzi wa kifaa kingine chochote, ulizeni jina la mtu atakayekiwasha Jumatatu asubuhi. Ikiwa jina hilo halipo, anzeni kwa kumwajiri mtu huyo.